Q na X

Aliinunua mwaka tisini na sita,
ofisi ya mkonge ilipofunga milango kule Pongwe
na vyombo vikapangwa uani, kila kimoja na bei yake ya chaki:
makabati, mizani, feni isiyo na mbawa,
na hii.
Ilikuwa imeshachoka tayari. Ikaingia Ngamiani kwa mkokoteni,
Barabara ya Kumi na Tano, watoto nyuma
kama wanasindikiza bibi harusi.
Mimi nilikuwa mmoja wao. Leo ndimi fundi wake.

Miaka ishirini na miwili
Bi Mwanahija Kaniki ameipigisha kazi:
kadi za harusi za mtaa mzima na talaka mbili,
mitihani ya madrasa, hesabu za kikoba,
risala kwa mgeni rasmi ambaye hakufika.
Aliiwasha kwanza, ndipo akafungulia bomba.
Ndoo ikijaa, nayo imeamka.
"Hainicheleweshi," akisema. "Inaniacha niwaze."

Umeme ukikatika, saa yake ilirudi nyuma
hadi Januari mosi, mwaka themanini.
Naye akicheka: "Leo nina miaka ishirini na tisa, fundi.
Kaa mbali kidogo."

Siku moja nikafungua ubavu, nikakuta
mayai mawili ya mjusi, meupe kama vidonge,
yamelala penye joto karibu na feni.
"Funika," akasema.
Bi, si mnasema kumuua mjusi kuna thawabu?
"Ukutani, ndiyo. Humu ni mpangaji."
Kazi ikasimama mwezi na siku zake.
Kadi za binti wa Singano ziliandikwa kwa mkono,
na mama harusi hadi leo hajui kwa nini.

Na kibodi.
Herufi A ilifutika kwanza, kisha I, kisha U,
halafu K na N na W,
maana ndivyo tunavyosema: wanakaa, hawana, watakuja kuwaona.
Vidole vyake havikuhitaji maandishi.
Lakini Q na X, ukizipangusa vumbi,
zinang'aa kama meno ya mtoto yaliyoota jana.
Lugha yetu haikumtuma huko.

Mbaruku, mwanawe, alipiga simu toka Muscat:
Mama, unanitia aibu.
"Nguo ya shamba haiulizwi mwaka," akamjibu, akakata.

Watu husema ilikufa. Si kweli.
Vilikufa vilivyoizunguka.
Flopi zikaadimika; dukani Barabara ya Nane
kijana akaigeuzageuza moja kama sarafu ya Mjerumani,
akauliza inaingia wapi.
Utepe wa printa haukupatikana hata Mombasa.
Ikabaki nzima, haina wa kusema naye,
kama ajuza aliyezika rika lake lote.

Mpya ikaja na ndege. Nyembamba, haina sauti,
inaamka kabla hujavuta kiti.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Akaanza na tangazo la hitima, jina la marehemu mumewe:
Mwinyikombo wa Mwinyihatibu.
Mstari mwekundu ukapita chini yake, wa mawimbi.
Akavua miwani. Akaivaa.
"Fundi, huyu anasema mume wangu nimemkosea."
Nikamwambia hajui Kiswahili.
"Kwani yule alikijua?"
Hapana, Bi.
"Mbona hakunisahihisha?"

Nikauondoa ule mstari. Kazi ya dakika moja.
Nikaiangalia A mpya, kingo zake kali,
nikapiga hesabu itafutika lini, na yeye sasa ana sitini na saba,
nikaiacha hesabu katikati.

Ile ya zamani iko chini ya meza,
imefunikwa kitambaa chake cha kufuma.
Ubavu sikuufunga.